Siku Sita za Grenada

Grenada haifiki hata nusu ya Pemba. Eneo lake lote, pamoja na visiwa vidogo vya Carriacou na Petite Martinique, ni kilomita za mraba 344, na mwaka 1983 wakazi wake walikuwa kama laki moja. Kungumanga na basibasi ndiyo mali yao ya jadi, na kungumanga wamelichora hadi kwenye bendera. Alfajiri ya tarehe 25 Oktoba mwaka huo Marekani iliteremsha hapo wanamaji, makomando na askari wa miavuli. Hadi kazi ilipokwisha walikuwa wamefika askari kama 7,000, yaani mmoja kwa kila wakazi kumi na wanne.

Wanaoikumbuka vita hiyo huiweka fungu moja na Vietnam au Iraq. Mimi naona haikai vizuri katika fungu hilo, kwa sababu moja inayowaudhi watu wa kila upande: Wagrenada wenyewe, wengi wao, waliwashangilia waliokuja na bunduki. Hadi leo 25 Oktoba ni sikukuu ya taifa huko, Siku ya Shukrani. Na papo hapo uwanja wao wa ndege wa kimataifa unaitwa Maurice Bishop, jina la mwanamapinduzi ambaye Washington ilimhesabu kuwa adui.

Nimewapa nafasi wasemaji watatu. Mzee ni askari mstaafu wa JWTZ aliyekwenda Uganda mwaka 1979. Wakili ni mwanamke aliyesomesha sheria ya kimataifa kwa miaka mingi. Kijana anasoma historia, na nadhani chumbani kwake hakukosi picha ya Walter Rodney. Wote watatu nimewaunda mimi, ila hoja zao zilikuwapo kabla yangu. Nitawaingilia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

MZEE: Nyinyi wasomi hupenda kuanza na katiba. Mimi naanza na maiti. Tarehe 19 Oktoba, siku sita kabla ya Mmarekani kufika, Waziri Mkuu Maurice Bishop alikuwa amefungiwa nyumbani kwake na wenzake wa chama. Wananchi wakaenda kwa maelfu, wakamtoa, wakafuatana naye hadi ngome ya Fort Rupert iliyo juu ya mji wa St. George's. Jeshi likaja na magari ya deraya, likaumiminia umati risasi, watu wakawa wanajirusha kutoka juu ya ukuta wa ngome. Kisha Bishop na wenziwe saba wakapangwa ukutani wakauawa. Mmoja wao alikuwa Jacqueline Creft, waziri wa elimu. Maiti ya Bishop haijapatikana hadi leo. Baada ya hapo Jenerali Hudson Austin akatangaza redioni kwamba kwa siku nne hakuna kutoka nje, usiku wala mchana, na atakayeonekana atapigwa risasi. Sasa, mwanangu, nawe umo ndani ya moja ya nyumba zile, mkate umekwisha, watoto wanalia. Anayebisha hodi utamuuliza kama ana kibali cha Umoja wa Mataifa?

KIJANA: Mzee wangu, maiti hizo zinaniuma mimi kuliko yeyote hapa, kwa sababu Bishop alikuwa mtu wetu. Lakini ukianzia tarehe 19 Oktoba unamsaidia Rais Reagan wa Marekani, maana hadithi yake nayo inaanzia siku hiyohiyo. Rudi nyuma kidogo. Grenada ilipata uhuru mwaka 1974 chini ya Eric Gairy, mtu aliyekuwa na genge lake la kupiga wapinzani, na aliyesimama mbele ya Umoja wa Mataifa kuutaka uchunguze visahani vinavyoruka angani. Tarehe 13 Machi 1979, Gairy akiwa safarini, Bishop na chama chake cha New Jewel wakaitwaa nchi kwa saa chache. Wakafundisha watu wazima kusoma, wakatunga sheria ya likizo ya uzazi yenye malipo, wakaanza kujenga uwanja wa ndege. Huo uwanja ndio uliompandisha mori mkubwa wa Washington. Uwanja wa zamani, Pearls, ulikuwa na njia fupi isiyopokea ndege kubwa wala ndege ya usiku, na kisiwa kile kinataka watalii kama sisi tunavyowataka. Mpya, wa Point Salines, ulipewa njia ya mita 2,700 hivi. Machi 1983 Reagan akaenda kwenye televisheni na picha iliyopigwa kutoka angani, akawaambia Wamarekani kwamba uwanja huo ni wa Wasovieti na Wakuba. Kweli wajenzi wengi walikuwa Wakuba. Lakini mitambo ilikuwa ya kampuni ya Kiingereza, Plessey, na kazi ya kuchimba na kujaza ufuko ilifanywa na kampuni ya Florida. Wanafunzi wa Kimarekani wa chuo cha udaktari kilicho karibu walikuwa wakikimbia mazoezi juu ya njia hiyo hiyo ya siri!

MZEE: Uwanja wa kiraia hutua ndege ya vita pia.

KIJANA: Hata wa Nairobi, Mzee. Lakini nimalize. Mwaka 1981, huko Vieques, Puerto Rico, jeshi la Marekani lilifanya zoezi la kuvamia kisiwa cha kubuni kinachoitwa Amber, chenye visiwa jirani vinavyoitwa Amberines. Grenada nayo imepakana na Grenadines. Hata kuficha hawakuficha. Nia ilikuwapo miaka miwili kabla Bishop hajauawa.

MZEE: Mazoezi kila jeshi linafanya. Mimi mwenyewe nimevamia milima na vijiji vingi kwenye mazoezi ambavyo sikuja kuvivamia maishani.

WAKILI: Mmeleta maiti, mmeleta uwanja wa ndege, niruhusuni nami nilete karatasi. Marekani yenyewe haikusema imekuja kwa ajili ya Bishop. Ilitaja kwanza usalama wa raia wake, hasa wanafunzi wa udaktari wa Chuo cha St. George's, ambao walikuwa kama 600. Ikataja pia ombi la Jumuiya ya Nchi za Karibiani ya Mashariki, na mwisho mwaliko wa Gavana Mkuu, Sir Paul Scoon. Kila moja ina ufa. Jumuiya hiyo iliundwa kwa Mkataba wa Basseterre wa mwaka 1981, na kifungu chake cha nane kinahusu uchokozi kutoka nje na kinataka wanachama wakubaliane. Grenada yenyewe ilikuwa mwanachama. Uchokozi kutoka nje ulikuwa wapi? Watu waliuana wenyewe kwa wenyewe. Na mwaliko wa Gavana Mkuu ulikuja kuonyeshwa kwa barua yenye tarehe ya 24 Oktoba, lakini kwa maelezo ambayo wengi wameyakubali, saini iliwekwa baada ya askari kufika. Scoon, nampa haki yake, alishikilia hadi uzeeni kwamba aliomba msaada kwa mdomo kabla ya hapo, kupitia mwanadiplomasia wa Kiingereza. Ajabu ni kwamba Uingereza, ambayo malkia wake ndiye aliyekuwa mkuu wa dola ya Grenada, haikuambiwa. Tarehe 24 Oktoba waziri wa mambo ya nje, Geoffrey Howe, alisimama bungeni London na kusema haoni sababu ya kudhani Marekani itaingia kijeshi. Kesho yake asubuhi wameingia. Margaret Thatcher, rafiki mkubwa wa Reagan, alikasirika mno hata Reagan akampigia simu kumtaka radhi.

MZEE: Na wanafunzi, bi wakili?

WAKILI: Wanafunzi ndio ninaokwenda nao. Watawala wapya wa kijeshi walikuwa wauaji, sikatai, lakini wauaji hao walijua kwamba mwanafunzi mmoja wa Kimarekani akiguswa wamekwisha. Walituma ahadi baada ya ahadi. Tarehe 24 Oktoba uwanja wa Pearls ukafunguliwa na ndege ndogo chache zikaondoka na abiria. Mkuu wa chuo mwenyewe alisema mwanzoni kwamba wanafunzi wake hawako hatarini. Halafu angalia walivyookolewa! Askari walipoufikia mtaa wa True Blue kwenye kampasi ya kwanza, ndipo wakaambiwa kwamba kuna kampasi ya pili huko Grand Anse. Wamekuja kuokoa watu bila kujua wako wapi. Wengine walikuwa wakitumia ramani za watalii.

Hapa inabidi niseme jambo kwa upande wangu. Hoja ya ramani hupendwa sana na wanaoipinga vita hii, na inachekesha kweli, ila jeshi lisilojua njia si lazima liwe limekuja kwa nia mbaya. Inaonyesha haraka. Na haraka hiyo ndiyo ninayotaka ichunguzwe kuliko nia ya Reagan, maana nia ya mtu hatuwezi kuikamata, ilhali kalenda tunayo. Kati ya tarehe 19 na tarehe 25 kuna siku sita. Nawauliza wasemaji wangu watueleze zilitumikaje.

KIJANA: Kwa kutafuta kisingizio tu. Tarehe 23 Oktoba kambi ya wanamaji wa Marekani ililipuliwa Beirut, wakafa 241. Reagan alikuwa anahitaji ushindi wa kuwasahaulisha watu. Siku mbili baadaye akaupata.

MZEE: Hapo, mwanangu, umeteleza. Mimi nazijua meli. Kikosi kilichokuwa kinakwenda Lebanoni kiligeuzwa kuelekea Karibiani usiku wa kuamkia tarehe 21. Beirut ililipuka Jumapili ya tarehe 23. Meli haziwezi kugeuka kwa sababu ya bomu ambalo halijalipuka bado.

KIJANA: Haya, meli ziligeuka mapema. Lakini kuagiza meli zisogee karibu si sawa na kuziambia ziteremshe askari. Amri ya mwisho ilitoka baada ya Beirut.

MZEE: Hilo nitakupa. Ila usiseme tena "kisingizio tu".

WAKILI: Kilichofanyika katika siku hizo sita ni hiki. Tarehe 21, mjini Bridgetown, nchi za Karibiani ya Mashariki zilikutana zikaamua kuomba nguvu ya kijeshi, Barbados ya Tom Adams na Jamaica ya Edward Seaga zikiwa nyuma yao. Tarehe 22 na 23 Jumuiya nzima ya Karibiani, Caricom, ikakutana Port of Spain. Waziri Mkuu wa Trinidad, George Chambers, alikuja na mpango wa kutotumia silaha: vikwazo, mazungumzo, kupeleka watu kuhakikisha usalama, kurudisha serikali ya kiraia. Guyana, Belize na Bahamas walikuwa upande huo. Wale waliokwisha kuiomba Marekani walikaa naye mezani usiku ule, wakasikiliza, na ombi lao likiwa tayari Washington. Chambers baadaye aliliambia bunge lake kwamba hakuarifiwa. Kwangu, dhambi ya kisheria iko hapo zaidi ya ilivyo kwenye barua ya Scoon: njia nyingine ilikuwapo mezani, ikawekwa kama pambo.

MZEE: Sasa mmeniita kwenye uwanja wangu. Mwaka 1979 sisi tuliingia Kampala. Tarehe 11 Aprili. Nilikuwapo. Hatukuwa na kibali cha OAU wala cha Umoja wa Mataifa, na Julai yake huko Monrovia Nimeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria walitusema mbele ya wenzao kwamba tumevunja sheria ya Afrika. Waganda walitushangilia barabarani vivyo hivyo, walitupa ndizi na maji. Mwaniambia na sisi tulikosea?

WAKILI: Mzee wangu, hilo swali nimeulizwa na wanafunzi kila mwaka. Mwalimu Nyerere alipolihutubia taifa Novemba 1978 alisema sababu ya kumpiga Amin ipo, nia ipo na uwezo upo. Angalia alivyoanza: Amin alikuwa ameshaingia Kagera, ameshatangaza kwamba ardhi hadi mtoni ni yake, ameshaua watu na kuiba ng'ombe. Tanzania haikudai kwamba inakwenda kuwaokoa Waganda. Ilisema inajikinga, na kwamba kuanguka kwa Amin ni kazi ya Waganda wenyewe. Unaweza kusema tulikwenda mbali kuliko kujikinga kulivyohitaji, nami nitakaa nawe tubishane. Lakini Grenada ilikuwa haijavuka mpaka wa mtu yeyote. Kwa Marekani uwezo na nia vilikuwapo. Sababu ndiyo iliyokwenda kutafutwa.

MZEE: Kwa hiyo mtu akiua watu wake ndani ya ua wake, sheria yako inakaa nje inasubiri avuke mpaka?

WAKILI: Mara nyingi, ndiyo. Na sijivunii.

Jibu hilo la Wakili nalipenda kuliko ushahidi wake wote. Sheria ya kimataifa ya mwaka 1983 haikuwa na chochote cha kumpa mtu aliyejirusha kutoka ukuta wa Fort Rupert. Nani asiyeona kwamba Mzee ana haki ya kuichukia?

Lakini sisi wa pwani hii tuna kisa cha jirani cha kupimia. Mwaka 2007 Kanali Mohamed Bacar alijichagua tena kuwa rais wa kisiwa cha Anjouan, Komoro, uchaguzi ambao serikali ya Muungano wa Komoro na Umoja wa Afrika hawakuutambua. Umoja wa Afrika ulituma wajumbe, ukaweka vikwazo dhidi ya Bacar na watu wake, wakazungumza, wakazungumza tena. Tarehe 25 Machi 2008 ndipo askari wa Komoro, wakiwa na askari wa Tanzania na Sudan, waliposhuka kisiwani. Serikali halali ya Komoro ndiyo iliyoomba, kwa mdomo wake, na barua yake haikuwa na mashaka ya tarehe. Bacar alikimbilia Mayotte. Anjouan ilipewa miezi tisa. Grenada ilipewa siku sita.

MZEE: Bacar hakuwapanga mawaziri wake ukutani. Ukinipa mtu mwenye ukaidi nitamvumilia miezi tisa. Ukinipa mtu mwenye damu mikononi, na laki moja ya watu wamefungiwa majumbani, siku sita ni nyingi mno. Unalinganisha homa na kipindupindu, ndugu mwandishi.

Nakubali kwamba hali hazilingani. Sikubali kwamba ndiyo maana siku sita zilitosha. Amri ya kutotoka nje ya siku nne ilikuwa imekwisha, watu walikuwa wanaanza kutoka, Austin alikuwa ametengwa na dunia nzima hata na Fidel Castro, ambaye serikali yake ilitangaza siku tatu za maombolezo ya Bishop na kuwalaani waliomuua. Jeshi la kisiwa kidogo lisilo na rafiki hata mmoja, lililozungukwa na manowari: hapo ndipo mazungumzo huwa na meno. Mpango wa Chambers haukupewa hata siku moja. Huenda ungeshindwa. Ila hatutajua, na kutojua huko ndiko ninakowadai Reagan na Waziri Mkuu wa Dominica, Eugenia Charles, aliyesimama kando yake Ikulu ya Marekani asubuhi ile akizungumza kwa ujasiri kuliko Rais mwenyewe.

KIJANA: Na waliokufa je? Wamarekani 19, Wakuba 25, Wagrenada 45, na zaidi ya nusu ya Wagrenada hao walikuwa raia. Ndege za Marekani zilipiga hospitali ya wagonjwa wa akili huko Richmond Hill wakidhani ni ngome. Waandishi wa habari walizuiwa kwa siku za mwanzo, kwa hiyo hata hilo dunia ililisikia kwa kuchelewa. Halafu jeshi la Marekani likagawa nishani zaidi ya 8,000. Zilizidi idadi ya askari waliokanyaga kisiwa!

MZEE: Hapo sitawatetea. Nishani zikizidi askari, jeshi limeanza kujicheka lenyewe. Lakini mnazunguka swali langu kama paka na uji wa moto. Wiki chache baadaye kituo cha televisheni cha CBS kiliwauliza Wagrenada, na tisa katika kila kumi wakasema wanafurahi Marekani imekuja. Tisa! Kuna mtu yeyote kati yetu aliye Mgrenada kuliko hao?

WAKILI: Walikuwa wanafurahi kutolewa bunduki kichwani. Mimi pia ningefurahi. Lakini furaha yangu haimpi mtu hati ya nyumba yangu.

MZEE: Nani amechukua nyumba? Uchaguzi ulifanyika Desemba 1984, Herbert Blaize akashinda viti 14 kati ya 15. Mmarekani akaondoka, tena akalipia kumalizia uwanja wa ndege uleule aliouogopa. Iraq walikaa miaka mingapi?

KIJANA: Waliumaliza ule uwanja waliosema ni wa Wasovieti, wakaufungua kwa sherehe mwaka 1984, wakausifu kwa utalii! Kwa nini haukuwa wa utalii Bishop alipousema?

WAKILI: Kijana, nawe nikuulize. Wale maelfu waliomtoa Bishop kwenye kifungo walikuwa tayari kufa kwa ajili yake. Siku sita baadaye hawakunyanyua hata fimbo kuyalinda mapinduzi yake. Kwa nini?

KIJANA: Kwa sababu aliyewaulia kiongozi wao ndiye aliyeyashika mapinduzi.

WAKILI: Hiyo ni nusu ya jibu.

KIJANA: Nusu ya pili naijua, shangazi. Bishop aliahidi uchaguzi, haukufanyika. Gazeti la Torchlight lilifungwa mwaka uleule wa 1979. Watu walikaa gerezani bila kushitakiwa. Bishop aliyapenda mapinduzi yaliyowapa wananchi mikutano mingi na kura isiyokuwapo. Kamati kuu ilipoamua kwamba uongozi ugawanywe kati yake na naibu wake, Bernard Coard, na baadaye ikamfungia, wananchi walijua kwa uvumi. Hapakuwa na bunge la kwenda kuuliza. Hapakuwa na gazeti. Kilichobaki ni kwenda kwa miguu hadi nyumbani kwake na kuvunja mlango. Unanitaka niseme kwamba sisi wa mrengo huu tuliwapa Wamarekani mlango. Nasema. Lakini mlango ukiwa wazi bado unaingia kwa ruhusa.

Ile methali ya tembo na nyasi hunukuliwa kila Grenada inapotajwa. Tuiache. Nyasi za Grenada zilikuwa zimeshachomwa na wenyewe kabla tembo hajafika, na hilo ndilo linalofanya kesi hii kuwa ngumu. Ninaposoma hotuba za siku zile Umoja wa Mataifa naona kila mtu alijua nusu yake tu. Tarehe 28 Oktoba wajumbe 11 wa Baraza la Usalama waliunga mkono azimio la kulaani uvamizi, Marekani ikalipiga kura ya turufu. Uingereza, Togo na Zaire ya Mobutu wakajizuia. (Mobutu kujizuia: alijua nani anamlipia.) Tarehe 2 Novemba Baraza Kuu likapiga kura: 108 walisikitikia uvamizi, 9 waliukataa ujumbe huo, 27 wakakaa kando. Lakini nani aliyeleta azimio la kuwasikitikia waliouawa tarehe 19? Sheria ya mataifa iliwalinda Wagrenada dhidi ya Marekani, kwenye karatasi. Dhidi ya Coard na Austin iliwaacha watupu.

WAKILI: Na baada ya hapo haki yenyewe ikaja imekunjamana. Watu 17 wakatiwa hatiani kwa mauaji ya ngomeni, na mwaka 1986 kumi na wanne wakahukumiwa kifo. Hukumu zikapunguzwa kuwa kifungo cha maisha mwaka 1991. Amnesty International iliandika kwamba kesi haikuwa ya haki. Coard alitoka gerezani mwaka 2009. Mwaka huohuo wa 2009 uwanja wa Point Salines ukapewa jina la Bishop. Aliyepewa uwanja bado hana kaburi.

MZEE: Hilo la kaburi ndilo ambalo hata mimi, ninayewatetea, siwezi kulielewa. Askari wote wale, mitambo yote ile, walikaa kisiwani miezi. Walibeba makasha ya nyaraka za chama wakaenda kuyasoma Washington. Mtu mmoja hawakumpata.

Kisha, Oktoba 2025, serikali ya Grenada ilithibitisha kwamba Marekani imeiomba kuweka kwa muda mtambo wa rada pamoja na mafundi wake kwenye uwanja wa Maurice Bishop. Wakati huo manowari za Marekani zilikuwa zinakusanyika karibu na Venezuela. Serikali ikasema italipima ombi hilo kiufundi na kisheria. Nikawarudia wasemaji wangu.

WAKILI: Safari hii wameomba, na wameiomba serikali iliyochaguliwa, wakati bado kuna nafasi ya kujibu. Kwangu hilo si dogo.

MZEE: Ombi la namna hiyo nalijua. Mkuu wa kikosi naye hukwambia "naomba".

KIJANA: Leo Mzee ndiye anayewashuku Wamarekani?

MZEE: Sikuwahi kuwaamini. Nilisema tu kwamba Oktoba ile kulikuwa na watu waliofungiwa ndani. Leo nani kafungiwa?

KIJANA: Jambo jingine. Trinidad iliyokataa mwaka 1983, leo Waziri Mkuu wake anaziunga mkono manowari hizo waziwazi. Chambers hayupo tena wa kuleta mpango mwingine mezani. Ukiwa Grenada, utamgeukia nani?

WAKILI: Bunge lako. Liulize mtambo unakaa hadi lini, unatazama nini, na nani mwenye haki ya kuuzima.

MZEE: Na wakikataa?

WAKILI: Hapo ndipo tutakapojua kama lilikuwa ombi.